Mwaka Tuliomchezesha Kazungu

Kazungu alizikwa kwao Rabai mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, na mimi nilikuwepo. Nilikaa kwenye viti vya nyuma chini ya turubai, kati ya watu ambao hawakunijua na hawakuniuliza mimi ni nani. Mzee wa kanisa alisoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi: mahali alipozaliwa, siku aliyobatizwa, kwamba alikuwa kuli bandarini Kilindini, kisha mlinzi wa ghala kwa miaka mingi, na kwamba ameacha mjane na watoto wanne. Katikati ya maneno hayo palikuwa na sentensi moja tu: "Katika ujana wake alipenda kucheza mpira, akaumia goti, akaacha." Mzee akageuza karatasi, akaendelea na habari za kwaya. Watu walikuwa wakijipepea, na hakuna aliyeinua kichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka ibada ikaisha, nikamwaga mchanga wangu kaburini kama wenzangu, nikampa mjane mkono wa pole, nikarudi Mombasa bila kusema neno. Lakini tangu siku ile sentensi ile hainipi usingizi, kwa sababu najua ni nini kilichomo ndani yake, na waliokuwepo siku zile pamoja nami ni wachache sana waliobaki. Sasa nina miaka sitini na miwili. Nimeona heri niandike.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mchana nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo Kilindini, kazi ya kupanga makaratasi ya forodha na kuyakimbiza kutoka dirisha hadi dirisha, na jioni nilikuwa shabiki wa Mnara. Sikuwa mchezaji. Nilijaribu nikiwa shuleni nikaonekana sina pumzi. Lakini sidhani kama kuna mchezaji hata mmoja aliyeipenda timu ile kuliko mimi. Nilijua kila goli tulilofunga na mguu uliolifunga. Tukishinda nilikwenda kazini nimepiga pasi shati, nikawasalimu hata wale makarani niliokuwa sisemi nao. Tukishindwa chakula kilinikwama kooni. Watu walicheka, na mimi pia nilicheka, lakini kusema kweli sikuwa na kitu kingine. Mnara ilikuwa timu ndogo ya Mji wa Kale, ya vijana wa vichochoroni, mafundi na wauza duka, na mwaka mmoja kabla ilikuwa imepanda ligi ya mkoa kwa mara ya kwanza. Kwangu mimi ilikuwa kana kwamba ni mimi niliyepandishwa.

Nilipanga chumba cha juu kwa Bi Zuhura, Kibokoni. Ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani, yenye kuta nene ambazo wakati wa masika zilitoka jasho na kubanduka chokaa. Marehemu mumewe alikuwa mwenyekiti wa timu, na alipofariki Bi Zuhura hakuwafukuza wachezaji. Ukumbi wa chini ukabaki wao. Jezi zilianikwa uani, njumu zilipangwa ngazini, na nyumba nzima ilinuka dawa ya kuchulia misuli pamoja na vitunguu vya kukaanga. Baada ya kila mechi, tushinde tushindwe, Bi Zuhura alitoa sinia mbili za wali wa nazi na samaki wa kupaka, na achari ya maembe kwenye bakuli la bati. Wachezaji walikula mikeka ikiwa imetandikwa chini, magoti yao yakiwa na mchanga wa uwanjani, na sisi mashabiki wachache tulioruhusiwa kuingia tulikula nao. Hapo ndipo nilipokuwa na furaha kuliko mahali popote. Hata leo, nikisikia harufu ya nazi inayochemka kwenye nyumba ya mtu, kwanza ninauona ukumbi ule, halafu ndipo ninapokumbuka mengine.

Kocha wetu alikuwa Maalim Athman, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu mwembamba wa miwani ambaye sikupata kumsikia akipaza sauti. Aliwaita wachezaji "wanangu", hata wale waliokaribia umri wake. Na katika wanawe hao, mmoja tu hakuwa mtoto wa Mji wa Kale, naye ni Kazungu. Alikuwa Mrabai, Mkristo, kuli wa bandarini mwenye mabega mapana na sauti ya upole, aliyepanga chumba Makupa na mkewe Dama. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, nje ya geti la bandari, akicheza mpira wa mchana na makuli wenzake, nikamleta kwa Maalim. Alicheza beki wa kati. Hakuwa na mbwembwe. Alisimama tu pale mpira ulipokuwa unakuja, kama aliyeambiwa mapema. Alikula nasi sinia moja. Ramadhani ilipoingia alifanya mazoezi nasi mchana wa saumu na hakunywa maji mbele yetu hata siku moja, ingawa hakuna aliyemkataza. Bi Zuhura alimpenda kwa hilo. "Yule kijana ana adabu," alikuwa akisema, "mama yake alimlea."

Mwaka ulianza vizuri, kisha watu wakaanza kuvunjika. Sijui namna nyingine ya kusema. Twalib, kipa wetu, alijigonga kwenye nguzo ya goli akavunjika kifundo cha mkono. Wiki mbili baadaye Mbarak, winga wetu wa kulia, alichanika nyama za paja akikimbia peke yake, hakuna aliyemgusa. Wachezaji wetu wawili wa kiungo waligongana vichwa katika mechi moja, mmoja akashonwa juu ya jicho, mwengine akawa akisimama muda mrefu anaona kizunguzungu. Kila jioni nilipotoka kazini niliukuta ukumbi una mtu mwengine aliyelazwa juu ya godoro, mguu juu ya mto, na Bi Zuhura akipita kati yao na birika la chai ya tangawizi. "Hii si nyumba tena, Salim," aliniambia. "Hii ni wadi." Wao walitaniana, wakacheza karata, wakabishana nani ameumia zaidi. Mimi nilikaa nao nikitabasamu, na moyoni nilikuwa nimekasirika. Mwanzo nilikasirikia bahati yetu. Baadaye, na hili sijapata kumwambia mtu, nilianza kuwakasirikia wao. Nilimtazama Mbarak akila wali kwa raha nikajiuliza kama kweli paja linauma kiasi hicho. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, sina jeraha hata la ukucha, na nilikuwa nikiwapima wenzangu maumivu yao kwa macho.

Kufikia miezi ya mwisho ya ligi tulikuwa karibu na mkia wa jedwali, na mechi mbili zimebaki. Ya kwanza tulicheza na timu ya Makupa. Tulipata goli mapema, kwa kona, na baada ya hapo ikawa kazi ya kulilinda. Kazungu alilinda. Kipindi chote cha pili sikumbuki mpira uliompita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli letu na niliweza kumsikia akiwapanga wenzake kwa ile sauti yake ndogo. Zikiwa zimebaki dakika kumi hivi, aliruka kupiga kichwa, akashuka na mguu mmoja, goti likazunguka upande. Hakupiga kelele. Alikaa chini akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitu kinachotaka kumwagika. Walimbeba nje. Baada ya hapo tulifungwa moja, na ilipokuwa refa ameshatazama saa yake tukafungwa la pili. Watu wa Makupa waliingia uwanjani wakiimba. Mimi nilibaki nyuma ya goli nimeushika wavu, na nakumbuka nilichofikiria wakati ule, kwa sababu nimekifikiria tena mara nyingi: sikufikiri kuhusu goti. Nilifikiri, dakika kumi tu, hakuweza kustahimili dakika kumi.

Jioni ile sinia za Bi Zuhura zilirudi jikoni nusu. Sikuweza kukaa ukumbini. Nilikaa ngazini, kwenye giza la ngazi zile, nikisikiliza. Walilaumu refa, wakalaumu kipa wa akiba, wakalaumu mchanga wa uwanja. Kisha shabiki mmoja, mtu wa makamo ambaye jina lake halina faida hapa, akasema taratibu, "Angekuwa mmoja wetu, angesimama hata kwa mguu mmoja." Mtu akacheka kidogo. Maalim Athman akasema, "Hayo maneno sitaki kuyasikia ndani ya nyumba hii." Kazungu hakuwepo, alikuwa amepelekwa hospitali. Lakini mimi niliyasikia yale maneno vizuri sana, nikayaweka.

Daktari alisema kano za ndani ya goti zimechanika. Apumzike miezi mitatu, asicheze, asibebe mizigo. Mechi ya mwisho ilikuwa baada ya wiki tatu, na hesabu yake ilikuwa rahisi: tukitoka sare tunabaki kwenye ligi, tukifungwa tunashuka. Maalim alituambia waziwazi kwamba Kazungu hatacheza na kwamba hatamwomba. "Goti lake ndiyo kazi yake," alisema. "Mimi nitaomba mpira kwa watu wazima wenye magoti." Watu walikubali. Mimi sikukubali. Zile wiki mbili zilizofuata sikula vizuri, sikulala vizuri, na ofisini nilipeleka makaratasi ya meli moja kwenye dirisha la nyingine mpaka mkuu wangu akaniuliza kama nina homa. Kila nilipofumba macho niliuona ule mpira wa dakika ya mwisho, na mahali pale ambapo Kazungu angesimama palikuwa wazi. Nilijiona kama mtu pekee anayeiona hatari, na wengine wote wamelala.

Jumapili kabla ya mechi, bila kumwambia mtu, nilikwenda Makupa. Chumba chao kilikuwa nyuma ya duka la vipuri, kimoja tu, kimegawanywa kwa pazia la maua. Kazungu alikuwa amekaa kitandani na mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Alifurahi kuniona mpaka nikaona haya. "Salim, ndugu yangu, umekuja mpaka huku," alisema, akajaribu kuinuka nami nikamzuia. Dama alikuwa ametoka kanisani, amembeba binti yao mchanga, Sidi. Siku hizo alikuwa akikaanga mahamri asubuhi na kuyauza kando ya barabara, kwa kuwa mumewe hakuwa anaingia bandarini, na mikono yake ilikuwa na alama za mafuta. Alinitengea sima, mboga ya mchunga na ng'onda, samaki mkavu, wa kukaanga, akasema nisione haya. Nilikula chakula chao. Nilikula mpaka nikashiba, ndipo Kazungu akaniuliza, "Maalim hajambo? Asemaje kuhusu mechi?"

Ningeweza kusema kweli. Ilikuwa rahisi: Maalim akusalimu, asema upone. Badala yake nikasema, "Maalim ndiye aliyenituma."

Kazungu akauliza, "Amesema nije kucheza?"

"Amesema bila wewe tumekwisha. Yeye mwenyewe ameona aibu kuja kukuomba."

Dama alikuwa amesimama na sahani mkononi. "Daktari alisema miezi mitatu," alisema. "Hata mwezi haujaisha." Akamwita mumewe nyuma ya pazia, naye akamfuata akichechemea, na kwa kuwa pazia ni kitambaa tu nilisikia kila kitu. Dama alisema kwa sauti ya chini, "Ukivunjika kabisa, hao watakuja kukulisha?" Kazungu akasema, "Ni Maalim. Tangu nimjue hajaniomba kitu hata siku moja." Dama akasema, "Basi na aje mwenyewe aombe." Nikasikia Kazungu akivuta pumzi, na kwa ule mvuto wa pumzi nikajua anakaribia kukubaliana na mkewe. Hapo ndipo nilipoinuka, nikasema kwa sauti ya kusikika vizuri upande wa pili, "Kazungu, mimi naenda zangu. Usijali, nitawaambia wasikulaumu. Watasema tu yale wanayosema siku zote, kwamba wewe si mtu wa Mji wa Kale."

Nyuma ya pazia mtoto alikuwa akinyonya, nilimsikia. Kisha Kazungu akatoka, ameshikilia ukuta, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeulizwa swali mbele za watu. "Nani amesema hivyo?" akauliza. Nikamwambia, "Watu." "Mwambie Maalim nitakuja," akasema. Dama hakunitazama nilipoaga.

Nilimkuta Maalim baada ya sala ya alasiri, akitoka msikitini amebeba viatu vyake. Nilimwambia nimetoka kumjulia hali Kazungu, kwamba yuwatembea vizuri, kwamba yeye mwenyewe ataka kucheza na asipopangwa atavunjika moyo. Maalim akaniuliza, "Na daktari?" Nikamwambia daktari amempa ruhusa. Uongo wa pili ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza. Maalim akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akasema, "Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa kumuuliza." Nilirudi nyumbani nikala chakula kizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Siku ya mechi niliogopa kitu kimoja tu, kwamba wawili wale wataongea. Nilisogea karibu na benchi ili niwasikie. Maalim alimshika Kazungu bega akamuuliza, "Uko tayari, mwanangu?" Kazungu akajibu, "Niko tayari, Maalim." Basi. Kila mmoja alidhani anamfanyia mwenzake hisani, na wote wawili walikuwa watu wa maneno machache. Kazungu alikuwa amefungwa bendeji juu ya bendeji, goti limekuwa kama gogo. Alicheza kwa kichwa na kwa akili, akisogea kidogo, akiwaita wenzake wakimbie mahali pake. Kipindi cha kwanza kikapita bila bao. Cha pili kikaanza, kikaenda, na mimi nikawa nahesabu kwa vidole, nikinong'ona kama mwendawazimu. Wenzangu walinishika mikono. Niliona kila mara alipokanyagia mguu ule alikuwa akifumba macho. Niliona. Siwezi kusema sikuona.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili au tatu. Ulipigwa mpira mrefu kutoka upande wao, wa juu, usio na maana yoyote, na Kazungu akageuka ili aufuate. Aligeuka, goti halikugeuka naye. Alianguka peke yake. Mshambuliaji wao alimruka, akaenda, akafunga. Na katika muda ule mfupi, kati ya kuanguka kwake na mpira kuingia wavuni, mimi nilikuwa nimesimama juu ya ubao wa kukalia nikipiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Inuka! Inuka wewe!" Sikuwa nikimwonea huruma. Nilitaka akimbie. Wenzangu walikuwa wakipiga kelele hiyohiyo, kwa hivyo hakuna aliyeisikia yangu, lakini mimi niliisikia. Kipenga kilipolia tulikuwa tumeshuka daraja. Nilijifunika uso nikalia, nikaililia timu, na nilipofunua macho uwanja ulikuwa umejaa watu na Kazungu alikuwa ameshabebwa juu ya benchi la mbao kupelekwa barabarani. Sikumfuata.

Hospitalini alikaa wiki nyingi. Goti liliungwa lakini halikukunjika tena. Mguu ulibaki umenyooka, na alijifunza kutembea akiuzungusha pembeni. Bandarini kuli asiyeweza kupiga goti hana kazi. Maalim Athman alikwenda kumtazama siku ya tatu, akarudi moja kwa moja kwa Bi Zuhura, akakaa ukumbini ambapo sasa hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa pale, kikombe cha kahawa mkononi. "Amenigeuzia uso ukutani," Maalim alisema. "Mkewe akaniuliza kama nimeridhika. Sijui nimewakosea nini, Bi Zuhura. Yeye ndiye aliyetaka kucheza." Alisema yale akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemletea habari ile, akitegemea nimsaidie kuelewa. Sentensi moja tu ilihitajika. Niliinamisha kichwa nikanywa kahawa yangu. Maalim alijiuzulu wiki ile, na wachezaji waliokuwa wazima wakasambaa kwenye timu nyingine.

Bi Zuhura hakusema kitu mbele ya Maalim. Siku mbili baadaye, asubuhi, nilipopita jikoni kwenda kazini, alikuwa akikuna nazi, naye hakuacha kukuna aliponiuliza, "Jumapili ile ulikwenda kwa Kazungu. Ulimwambiani?"

"Nilimsalimu tu, Bi Zuhura."

Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu. Alikiweka chini, akapangusa mikono yake kwa leso. "Chumba chako nakitaka," akasema. "Nina mtu wangu anakuja. Tafuta kwengine, mwanangu." Hakuja mtu yeyote. Nilipopita nje ya nyumba ile miezi mingi baadaye, dirisha la chumba changu lilikuwa bado limefungwa.

Watu hudhani mtu aliyefanya jambo kama hilo huishi akijuta kila siku. Haikuwa hivyo. Nilioa, nikapata watoto, nikafungua ofisi yangu mwenyewe Kilindini, na ilipita miaka ambayo sikumkumbuka Kazungu ila mara mojamoja. Mpira niliuacha, nikiulizwa, nilisema sina wakati. Ila nilipojua kwamba amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja karibu na geti nililozoea kupita, nilianza kupita geti jingine, mzunguko mrefu, na nikawaambia makarani wangu kwamba upande ule una foleni ya malori. Maalim Athman alipofariki nilibeba jeneza lake kwa zamu, kama wanafunzi wake wote, nikasikia watu wakinisifu kwa kuja.

Mwaka uliofuata, mvua kubwa ilifunga barabara nikalazimika kupita kwenye ghala lile. Kazungu alikuwa kwenye kibanda cha mlinzi, na aliponiona alitoka mvuani, mguu wake ukichora nusu duara kwenye maji. "Salim, waambaje?" alisema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliniuliza watoto, akaniuliza kazi. Kisha akaniuliza, "Maalim hajambo?" Nikamwambia Maalim amefariki, mwaka sasa. Alibaki amenishika mkono. "Sikumwendea," alisema. "Kila mwaka nilisema nitakwenda, nikamwambie yamekwisha. Aliniomba kama mzazi, na mimi nikamkasirikia kama mtoto." Maji yalikuwa yakimtiririka usoni, sikuweza kujua ni mvua au la. Hata pale sikusema. Nilimwambia Mungu amrehemu, nikamwambia nimechelewa, nikaondoka.

Hayo ndiyo yaliyonirudia pale chini ya turubai. Jumapili iliyopita nilikwenda tena Rabai, peke yangu. Dama alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo, na Sidi, ambaye sasa ni mama wa watoto wakubwa, alikuwa amekuja kukaa na mamake. Walinikaribisha, wakanipa kiti. Niliwaambia yote, tangu mwanzo, bila kujitetea, au nilijaribu. Niliwaambia Maalim hakunituma. Dama aliendelea kuchambua mchele wakati wote ule, akitupa mawe madogo pembeni. Nilipomaliza alisema, "Ungalimwambia yeye." Akanyanyua ungo wake akaingia ndani.

Sidi alibaki. Ana macho ya babake, na ule ukimya wake. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia, kisha akauliza, "Hakukuwa na mtu mwengine wa kucheza nafasi yake?"

Nikamwambia alikuwepo. Kijana mmoja wa akiba, mzima wa viungo vyote, aliyekuwa akija mazoezini kila siku. Maalim alikuwa ameshampanga.

"Kwa nini hakucheza?"

"Mimi niliona hafai," nikasema.

Sidi aliitikia kwa kichwa, taratibu. Halafu akainuka, akaokota jiwe moja la mchele lililokuwa limeangukia karibu na kiti changu, akalitupa nje ya ua, akamfuata mamake ndani. Nilikaa pale muda mrefu nikingoja mtu atoke aniambie niende.